Modi za picha kwenye kompyuta dhaifu: mzigo unaangukia wapi

Modi ya picha ni faili, au kifurushi cha faili, kinachobadilisha sura ya gemu bila kugusa kanuni za uchezaji wake. Inaweza kuleta ukuta wenye nyufa zinazoonekana, anga ya rangi nyingine au vivuli laini zaidi. Wenye kompyuta dhaifu huambiwa mara nyingi kwamba mambo haya hayawahusu, na si kweli. Kinachowaangusha ni kuzihesabu modi zote kuwa mzigo wa aina moja, wakati kila aina hulemea sehemu yake: moja hujaza kumbukumbu, nyingine huielemea kadi ya picha, nyingine prosesa. Kompyuta iliyojaa upande mmoja huweza kuwa na nafasi ya kutosha upande mwingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua wapi pamejaa. Ili gemu itoe fremu 60 kwa sekunde (fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana kwenye skrini), kila fremu lazima ikamilike ndani ya milisekunde 16.7, kwa fremu 30 ni milisekunde 33.3. Programu ya RivaTuner Statistics Server huonyesha muda huo kwenye skrini wakati unacheza. Simama mahali penye vitu vingi, andika muda unaouona, kisha shusha rezolusheni kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Pikseli zinashuka kutoka 2,073,600 hadi 921,600, yaani chini ya nusu. Muda wa fremu ukipungua sana, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa inalemewa. Usipobadilika, tatizo ni prosesa, na modi zinazoongeza kazi kidogo kwenye kadi ya picha zitapita bila kupunguza kasi ya gemu.

Modi za teksicha, yaani picha zinazovikwa juu ya kuta, ardhi na nguo, ndizo zinazopendwa zaidi na ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Teksicha kubwa haiongezi sana kazi ya kukokotoa, inakula kumbukumbu. Hesabu yake ni rahisi. Teksicha iliyobanwa kwa mfumo wa BC7 hutumia baiti 1 kwa kila pikseli. Ya 1024×1024 ni MB 1, ya 2048×2048 ni MB 4, ya 4096×4096 ni MB 16. Ongeza theluthi moja kwa nakala ndogo ndogo ambazo gemu hutumia kuchora vitu vilivyo mbali. Teksicha mia moja za 4096 zinafika takriban GB 2.1, na mia moja za 2048 hazizidi MB 540. Kwenye kadi ya GB 2, kifurushi cha kwanza kimeshajaza kila kitu kabla hata vivuli havijapata pa kukaa. Kikishafurika, data inaanza kupelekwa na kurudishwa kati ya kadi na RAM ya kawaida, na ndipo unapoona gemu inakwenda vizuri kisha inakwama ghafla kila ukigeuza kamera. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri kabisa huku mchezo hauchezeki.

Isitoshe, kwenye skrini ya 1366×768 jiwe linalochukua upana wa pikseli 300 haliwezi kukuonyesha pikseli 4096. Chagua toleo la 1024 au 2048, na hizo za 2048 zibaki kwa vitu vinavyokaribia kamera: ardhi, mikono, silaha, nyuso. Sahani iliyo juu ya meza haihitaji.

Gemu za zamani zina ukuta mwingine. Programu ya biti 32 kwenye Windows hupewa GB 2 tu za nafasi ya anwani, yaani kumbukumbu inayoweza kuifikia, hata kama kompyuta ina RAM ya GB 16. Ikiwekewa alama ya kuruhusu anwani kubwa, kwenye Windows ya biti 64 inafika GB 4. Gemu ya Skyrim ya mwaka 2011 ni ya biti 32, na Special Edition ya mwaka 2016 ni ya biti 64. Ndiyo maana modi zilezile huangusha ya kwanza na kutulia kwenye ya pili. Kama una uchaguzi, chukua ya biti 64.

Wanaotumia kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa hawana kumbukumbu ya pekee. Wanagawana RAM na mfumo mzima, na kasi ya RAM hiyo huamua kwa kiasi kikubwa kasi ya kadi yao. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4-2400 hupitisha GB 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili vikifanya kazi sambamba hupitisha hadi GB 38.4. Hakuna modi inayoweza kufidia tofauti hiyo, kwa hiyo kama laptopu ina nafasi ya pili iliyo tupu, ijaze kwanza.

ReShade, programu ya kuongeza athari za picha juu ya gemu, hufanya kazi kwa namna nyingine: inachukua fremu iliyokwisha kuchorwa na kuipaka juu. Wakati wa kuiweka, unaionyesha faili kuu ya gemu, unachagua mfumo wa michoro inaoutumia (Direct3D 9, Direct3D 11, Vulkan na kadhalika), kisha unachagua athari. Chagua chache. Kurekebisha rangi, kunoa picha kwa CAS, na kulainisha kingo kwa SMAA ni kazi nyepesi. Vivuli vya kwenye pembe na ukungu wa umbali husoma kina cha picha, yaani umbali wa kila kitu kutoka kwenye kamera, mara nyingi kwa kila pikseli, na hapo kadi dhaifu huishiwa pumzi. Usikisie: fungua menyu kwa kitufe cha Home, nenda kwenye takwimu, utaona kila athari inatumia milisekunde ngapi. Gemu ikiwa inatumia 15 na umefunga fremu kwenye 60, athari inayokula 3 inakupeleka 18, umepita mpaka. Kwa kusawazisha fremu na skrini kwa mtindo wa kawaida (V-Sync), skrini itasubiri zamu inayofuata na utaangukia fremu 30. Ukimaliza kupanga, washa hali ya utendaji iliyo kwenye menyu hiyohiyo. Inafunga vipimo visibadilike na kupunguza kazi. Athari zinazosoma kina cha picha zisipoonekana kabisa, zima MSAA, njia ya gemu yenyewe ya kulainisha kingo, kwenye mipangilio ya gemu. Mara nyingi ndiyo inayozizuia.

Modi za majani mengi na za kuona mbali ziache kama kipimo chako kilionyesha prosesa imelemewa. Kila kitu kinachoongezwa ni agizo jipya ambalo prosesa lazima iliandae kabla kadi haijachora lolote.

Kundi la mwisho ni lile linalostahili kuwekwa kwanza: modi zinazofungua nafasi. Kwenye Minecraft ya Java, modi ya Sodium hubadilisha namna dunia inavyochorwa na kuongeza fremu kwa kiasi kikubwa. Nafasi hiyo ndiyo unayoweza kuitumia kwa sheda nyepesi (programu ndogo zinazoiambia kadi ya picha jinsi ya kuchora mwanga na vivuli) kupitia modi ya Iris. Ukifika hapo, punguza ramani ya vivuli, yaani picha ambayo vivuli huhesabiwa kutoka kwayo, kutoka pikseli 2048 hadi 1024, kwa sababu vivuli vya jua huchorwa kwa kuipitia dunia mara ya pili kutoka upande wa jua. Kwenye GTA San Andreas, SkyGfx hurudisha rangi na mwanga wa toleo la PlayStation 2 bila mzigo wa kutisha, na kwa maoni yetu inaipendeza gemu hiyo kuliko vifurushi vizito vya teksicha. DXVK, inayotafsiri Direct3D kwenda Vulkan, husaidia baadhi ya gemu za zamani na hudhuru nyingine. Dakika za mwanzo hukwama kidogo wakati sheda zinaandaliwa, basi usiihukumu mapema.

Weka modi moja, cheza dakika 20, ndipo uweke nyingine. Dakika 5 hazitoshi kwa laptopu, maana joto hupanda polepole na prosesa hujipunguzia kasi baadaye. Nakili folda ya gemu kabla ya kuanza, au tumia Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi, kwa gemu inazozihudumia, kwa kuwa huziweka modi pembeni bila kugusa faili za asili. ReShade huondolewa kwa kufuta faili yake, kwa kawaida dxgi.dll au d3d9.dll, iliyo kando ya faili kuu ya gemu. Na kwa gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu, soma kanuni zake kwanza: faili ngeni ya dll inaweza kufanya akaunti ifungiwe, hata kama ilikuja kubadilisha rangi ya anga tu.