VPN ya ofisi si ile ya kufungulia Telegram

Telegram ilipobanwa wakati wa mitihani ya kidato cha nne, KCSE, Novemba 2023 na tena 2024, watu wengi Kenya walijifunza neno VPN kwa siku moja. Tangu hapo, kwao VPN ni programu ya bure ya kukwepa kizuizi. Ndiyo maana mhasibu aliye nyumbani Nyamasaria, akitaka ripoti iliyo kwenye seva ya ofisi katikati ya Kisumu, anawasha programu hiyo hiyo, anaona bendera ya Uholanzi, kisha anampigia simu kijana wa IT: "VPN imekubali, lakini folda ya Hesabu haifunguki."

Haiwezi kufunguka. Kimtandao, yuko Uholanzi.

VPN ni njia iliyolindwa kwa usimbaji fiche, yaani data hufichwa isisomeke njiani, inayopita juu ya intaneti ya kawaida na kuifikisha kompyuta yako kwenye mtandao fulani. Ni hilo tu. La kuuliza ni mtandao upi. VPN ya ofisi huishia kwenye rauta au seva ya ofisi yenyewe. Laptopu inapewa anwani ya ndani, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao huo, na seva ya mafaili inaiona kama imechomekwa waya palepale. Ile ya bure huishia kwenye seva ya kampuni usiyoijua, ambayo sasa ndiyo inayoona tovuti unazotembelea badala ya mtoa huduma wako.

Na kinachochekesha ni kwamba ya ofisi ndiyo iliyotangulia. Zamani kampuni yenye matawi ilikodi laini ya moja kwa moja kutoka shirika la simu na kuilipia kila mwezi, iwe imetumika au haikutumika. Miaka ya tisini wahandisi wakaona intaneti ingeweza kufanya kazi ile kwa bei nafuu. PPTP, mbinu ya VPN iliyosukumwa na Microsoft, ilichapishwa rasmi 1999. Ulinzi wake umeshavunjwa, kwa hiyo ukiikuta bado inatumika ofisini kwenu, sema. Mbinu nyingine, OpenVPN, ilitoka 2001, na WireGuard ikaingizwa kwenye kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, 2020. Kujificha na kukwepa vizuizi kulidandia baadaye.

Hata VPN ikiwa ndiyo yenyewe, haibebi mafaili. Inakufikisha mlangoni; jina lako, nenosiri na ruhusa ya folda bado vinahitajika. Stima ikipotea ofisini na seva ikazimika, hakuna VPN itakayoiwasha. Tena Windows hufungua folda za pamoja kwa SMB, itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) inayouliza na kujibiwa mara nyingi kwa faili moja. Ndani ya jengo hutahisi lolote. Kwa bando la simu, Excel kubwa inaweza kukwama hata kama video inacheza vizuri.

Kuna hitilafu moja inayosumbua hata mafundi. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa ili yeyote azitumie ndani kwake, na rauta nyingi za nyumbani huja zikiwa na 192.168.1 au 192.168.0. Ofisi nayo ikiwa imeachia hizo hizo, VPN itaunganika vizuri kabisa, halafu laptopu iitafute seva ya 192.168.1.10 hapo hapo sebuleni, kati ya televisheni na simu za watoto. Haitaipata. Dawa ni kubadilisha anwani za upande mmoja, na rahisi zaidi ni rauta ya nyumbani.

Kwa hiyo siku nyingine, badala ya "VPN imekataa", mwambie kijana wa IT kama imeunganika au la, anwani uliyopewa inaanza na tarakimu gani, na ujumbe wa kosa unasemaje. Na ile ya bendera izime kwanza, maana mbili zikiwaka pamoja mara nyingi hugombania njia.