Bekapu ikigoma, usikimbilie kufomati diski

Kuna maneno wateja huniambia mara kwa mara mpaka nimeyakariri: "Fundi, bekapu ilikuwa inagoma, nikaifomati diski ya nje ili ianze upya, sasa kompyuta nayo haiwaki." Wanayasema kwa utulivu, maana kwao kufomati, yaani kuifuta diski na kuiandaa upya, ni hatua ya kawaida, kama kuzima na kuwasha. Ukiuliza diski hiyo ilikuwa na nini, unaambiwa ilikuwa na bekapu zote za nyuma: picha za mtoto alipozaliwa, hesabu za biashara, tasnifu iliyobakiza sura moja. Inauma, kwa sababu mara nyingi diski iliyofutwa ilikuwa nzima kabisa.

Dhana: "Bekapu imegoma, basi diski ya nje ndiyo mbovu. Dawa yake ni kuifomati."

Kati ya dhana zote ninazokutana nazo, hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na hapa nitakaa kidogo.

Ili bekapu ikamilike, diski ya ndani lazima isomeke, programu ifanye kazi yake, waya upitishe data bila kukatika, tundu la USB litoe umeme wa kutosha, na diski ya nje ikubali kuandikwa. Kimoja tu kikileta matatizo, kinachotokea kwenye skrini ni kilekile: imeshindikana. Watu wanaisoma kama hukumu juu ya diski ya nje kwa sababu ndiyo waliyoichomeka kwa mikono yao.

Chukua hitilafu namba 0x8007045D ya Windows. Maana yake ni kwamba kifaa fulani kimeshindwa kusoma au kuandika. Kifaa gani, haisemi. Mara nyingi nikifuatilia nakuta programu ilikuwa inasoma folda ya picha kwenye diski ya ndani ya kompyuta, ikafika kwenye sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha diski kisichosomeka tena, ikakwama hapo. Inayokufa ni diski ya ndani. Sasa tazama kilichofanyika mtu alipoifomati ile ya nje: amefuta nakala pekee iliyokuwa salama, amebaki na ile inayokufa, na bekapu mpya haikamiliki kwa sababu sekta mbovu iko palepale. Siku chache baadaye kompyuta inakataa kuwaka, na hapo ndipo ninapopigiwa simu.

Kumjua mkosaji si kazi ngumu. Bekapu ikikwama kila mara kwenye faili lilelile, jaribu kulinakili faili hilo peke yake kwenda kwenye flashi. Likigoma huko nako, iache diski ya nje, shughulika na ya ndani. Lakini ikiwa leo imekwama mwanzoni, kesho katikati, na diski inatoweka kisha inarudi yenyewe huku ukisikia mlio wa Windows wa kuchomoa na kuchomeka, shuku waya au umeme.

Kwa hiyo, kabla hujaligusa neno "fomati", badilisha waya. Nasema hivyo kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi, na kwa kuwa zile nyaya fupi zenye kichwa kipana zinazokuja na diski ndogo hulegea mapema. Chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kwenye kigawanyio cha USB kinachobeba pia kipanya, kibodi na printa. Kwenye kompyuta ya mezani tumia tundu la nyuma. Diski ya inchi 2.5 haina chanzo kingine cha umeme isipokuwa huo waya. Kwa kiwango cha kawaida tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski inahitaji umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Ikipungukiwa, inazima na kuwaka tena, na bekapu inakatika.

Halafu angalia herufi ya diski. Jana Windows iliiita E. Leo umetangulia kuchomeka flashi, flashi ikachukua E, diski ikawa F, na programu ya bekapu inaendelea kuitafuta E. Nimeona watu wakinunua diski mpya kwa sababu ya herufi tu. Fungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, uipe diski ya bekapu herufi ya mbali kama R au X, na usumbufu huo hautarudi.

Kuna hitilafu nyingine, 0x80070070. Hiyo inasema diski imejaa, basi. Futa bekapu za zamani kabisa kupitia programu yenyewe, si kwa kuingia kwenye folda na kufuta kwa mkono, maana bekapu mpya huweza kuwa inategemea sehemu za ile ya zamani. Na kama diski ina nafasi tele lakini mafaili makubwa yanakataliwa, angalia mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga mafaili yake. Mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalofika GB 4, hata diski ikiwa tupu. Hapo kweli mfumo unapaswa kubadilishwa, lakini nakili kwanza kila kilichomo kwenda kwingine. Windows ina amri ya convert inayotoa diski kwenye FAT32 kwenda NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows, bila kuifuta. Hata hivyo sikubali iendeshwe kwenye diski yenye nakala pekee ya kitu chochote.

Mwisho, soma afya ya diski zote mbili, ya nje na ya ndani. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inaonyesha taarifa za SMART ambazo diski inajiwekea yenyewe. Tazama mistari ya 05, C5 na C6: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi, na zisizosomeka. Namba ghafi zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa zinapanda kila ukiangalia, diski hiyo iko njiani kuondoka, na kazi ya kwanza ni kunusuru kilichomo.

Nalo lile dirisha la Windows linalosema unapaswa kuifomati diski kabla ya kuitumia? Bonyeza Ghairi. Linatokea pale Windows inaposhindwa kuuelewa mfumo wa faili uliopo: pengine kumbukumbu zake za mwanzoni zimeharibika kwa kuchomolewa ghafla, pengine diski ilitayarishwa kwenye Mac na ina APFS au HFS+, ambayo Windows haiisomi yenyewe. Katika hali zote mbili data inaweza kuwa ipo yote. Ukikubali, unaanza kuiharibu kwa ridhaa yako.

Kama umeshafomati, chomoa diski sasa hivi na usiandike chochote juu yake. Fomati ya haraka kwenye diski ya kuzunguka hufuta orodha tu, mafaili yenyewe hubaki mpaka yaandikwe juu, na mengi yanaweza kurudishwa. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri diski nzima. Hiyo hairudi. Kwenye SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, pia usiwe na matumaini makubwa, kwa sababu amri ya TRIM huiambia diski isafishe sehemu zilizoachwa.

Dhana: "Diski ikianza kugonga, iendeshee chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, au iweke kwenye friza."

Tafadhali, hapana. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha mfumo wa faili, na iko tayari kukata faili lako ili mfumo ukae sawa. Ukiongeza /r, inapitia kila sekta ya diski, kazi ya saa nyingi kwa kifaa ambacho huenda kimebakiwa na dakika. Ikiwa diski bado inasomeka, kwanza chukua taswira yake nzima, yaani nakala ya diski yote kama ilivyo, kwa programu ya ddrescue, ambayo huvuna sehemu nzima na kuacha mbovu zisubiri, kisha fanya marekebisho kwenye nakala. Ikiwa inatoa mlio wa kugonga wenye mpigo, izime na uipeleke kwa wanaofanya uokoaji wa data. Vichwa vya kusomea huelea nanomita chache juu ya sahani. Ndani ya friza unyevu huganda, na diski ikitolewa nje maji hujikusanya juu ya sahani hizo. Kuifungua nyumbani ni balaa kwa sababu hiyohiyo ya umbali mdogo: chembe ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo.

Dhana: "Nimehamishia kila kitu kwenye diski ya nje, kwa hiyo nina bekapu."

Umehama tu. Kitu kilichopo mahali pamoja hakina bekapu, hata mahali hapo pakiwa diski mpya. Nakala zisipungue mbili, kwenye vifaa viwili tofauti, na ya tatu ikae nje ya jengo.

Dhana: "Diski iliandikwa TB 1, kompyuta inaonyesha GB 931. Ina hitilafu."

Haina. Mtengenezaji anahesabu baiti bilioni 1,000, Windows inagawa kwa 1,073,741,824 na kuita jibu GB. Inayotakiwa kukutia shaka ni diski ya ukubwa mkubwa mno kwa bei isiyoeleweka. Ipime kwa programu ya H2testw au F3 kabla hujaiamini, kwa maana za bandia hupokea data bila kulalamika huku zikiandika juu ya ile ya mwanzo.

Dhana: "Iache imechomekwa muda wote, bekapu itajiendesha."

Kujiendesha ni jambo jema, na sitaki mtu akumbuke bekapu kwa kichwa. Lakini programu za utekaji data, zile zinazofunga mafaili na kudai pesa ili yafunguliwe, hufunga kila diski zinayoifikia, na diski yako ya nje imo. Mwezi Mei 2017 mojawapo, WannaCry, ilipozagaa, haikubagua diski ya ndani na iliyochomekwa pembeni. Ushauri wangu, ambao sitauacha: kuwa na diski mbili. Moja ichomekwe, nyingine iwe kabatini, zibadilishane zamu.

Dhana: "Programu imeandika 'imekamilika', basi kila kitu kimo."

Kimo kile ulichoiambia ichukue. File History, programu ya bekapu ya Windows, kwa mpangilio wake wa mwanzo, inachukua folda za mtumiaji kama Nyaraka, Picha na Desktop. Folda uliyoifungua mwenyewe kwenye D haimo mpaka uiongeze. Time Machine, programu ya bekapu ya Mac, huweka nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma yake, na diski ikijaa hufuta za zamani kabisa. Faili ulilolifuta zamani bila kugundua linaweza kuwa limeshaondoka.

Njia ya kujua ni kurejesha. Chagua mafaili machache ya aina tofauti, moja la zamani sana na moja la juzi, yarejeshe kwenye folda mpya ili yasifunike yaliyopo, kisha yafungue moja baada ya jingine. Ikiwezekana fanya hivyo kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa siku ya shida hii uliyonayo huenda haipo. Hati isome kurasa za mwisho. Video iruke mpaka dakika yake ya mwisho, kwani iliyokatika katikati mara nyingi huanza vizuri tu.