Kadi imeandikwa jina jipya la kifafa: ugonjwa umebadilika?

Swali: Daktari, kadi ya zamani ya binti yangu inasema "petit mal". Juzi kliniki hapa Kisumu wameandika jina tofauti. Ana ugonjwa mwingine? (Mama, Nyalenda)

Jibu: La, mama, ni uleule. Zamani madaktari waligawa kifafa kwa ukubwa: "grand mal" kwa anayeanguka na kukakamaa, "petit mal" kwa mengine madogo. Mtoto anayekodoa macho sekunde kumi darasani kisha akaendelea kuandika, na mzee anayetafunatafuna huku akivuta vifungo vya shati kwa dakika nzima, wote waliweza kupewa jina moja. Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ya kifafa iitwayo karbamazepini humfaa yule mzee, lakini inaweza kumzidishia mtoto kifafa chake.

Swali: Nani huamua majina haya?

Jibu: Chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, kilichoanzishwa mwaka 1909. Mpangilio wake wa 1981 ulitenga kifafa cha sehemu moja ya ubongo na cha ubongo mzima, kisha ukagawa kile cha sehemu kuwa "sahili" au "changamano", kulingana na kama fahamu ilibaki. Wagonjwa wakadhani changamano ndicho kikali! Mwaka 2017 maneno hayo yaliachwa, na swali la kwanza likawa: kimeanzia wapi kwenye ubongo? Mwaka 2025 wamepunguza tena, kutoka aina 63 hadi 21. Mimi nimefurahi, 63 nani angezikumbuka zamu ya usiku?

Swali: Basi nibadilishe dawa?

Jibu: Usibadilishe wala kuacha ghafla bila daktari wake. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika.

Swali: Kliniki yetu haina mashine ya kupima umeme wa ubongo. Watajuaje aina?

Jibu: Kwa maelezo yako, hasa mwanzo wake. Mkono upi ulitangulia kutikisika? Kichwa kiligeukia wapi? Ulipomwita aliitika? Ukisema tu "alianguka", umeruka sehemu tunayoihitaji zaidi. Mlaze ubavu kwanza, usimtie kijiko mdomoni, kisha mwenzako arekodi video kwa simu. Tazama saa pia: ikipita dakika 5 bado anatikisika, achaneni na video, tafuteni gari la hospitali.