Je, wajua kwa nini unaweza kusukuma gari lakini huwezi kuizuia ikishaanza kuserereka?

Jibu langu la miaka mingi lilikuwa hili: gari iliyopakiwa ikianza kuondoka yenyewe unawahi upande inakoelekea, mikono kwenye bampa, unakaza miguu, kwisha. Si nimeshasukuma gari iliyozima mara kibao, tena peke yangu, na ikaenda? Sasa kitu nachoweza kukisukuma nitashindwaje kukizuia. Inaonekana ni akili kabisa, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Ukisukuma gari kwenye tambarare unapambana na ugumu wa matairi kuzunguka tu, ambao kwa gari ya kilo 1,300 ni kama kunyanyua kitu cha kilo 15 mpaka 20 hivi. Halafu unaipa mwendo kidogo kidogo, hatua kwa hatua, kwa mita ishirini nzima, ni kama unajaza pipa kwa kikombe, hushtuki pipa limejaa saa ngapi. Kuizuia ni kumwagiwa lile pipa lote kwa mpigo mmoja. Chukua gari hiyohiyo iwe na mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, na useme unaisimamisha ndani ya nusu mita kwa sababu mikono yako ikikunjika haina nafasi zaidi ya hapo: unatakiwa utoe nguvu sawa na uzito wa kilo 250 hivi. Mteremko bado sijauweka. Kwenye mteremko wa kushuka mita moja kila mita kumi unaongeza kama 130 nyingine. Ni makadirio, gari zinatofautiana, ila hata ukikata nusu bado hutoboi.

Na misuli siyo hata tatizo la kwanza, tatizo ni viatu. Mtu wa kilo 70 akisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wake mwenyewe soli zinaanza kuteleza, mara nyingi hata kabla ya hapo, awe mbeba vyuma au asiwe. Labda kama nyuma yako kuna ukuta, hapo huwezi kuteleza, na hiyo ni mbaya zaidi. Mwaka 2016 mwigizaji Anton Yelchin, akiwa na miaka 27, alifariki Los Angeles baada ya gari yake mwenyewe kuserereka nyumbani kwake na kumbana kwenye nguzo.

Jibu langu la pili lilikuwa kurukia ndani nikavute hendibreki. Kwenye mteremko ule niliousema, sekunde ya tatu gari inakaribia kilomita 9 kwa saa, ya tano iko kama 15, na wewe unahangaika na kitasa. Ikiwa inarudi nyuma, mlango uliofunguliwa unakuzoa, ukianguka tairi la mbele linakuja nyuma yake. Kuna watu wamefanikiwa, video zipo, lakini video inayosambazwa kwa shangwe ni ya aliyefanikiwa.

Kwa hiyo ukiwa nje, toka kwenye njia yake, piga kelele watu wakae pembeni, iache ikagonge. Kama ndani kuna mtu mzima mwambie akanyage breki. Kama ni mtoto peke yake, sitajifanya nina jibu rahisi, ila kujiweka mbele ya bampa hakumsaidii. Na jiwe la kuweka kwenye tairi ni la gari iliyosimama, iliyokwisha kuchanganya inalipanda, na mkono wako uko hapohapo.

Ukiwa ndani mambo ni mepesi: kanyaga breki usiachie. Injini ikiwa imezimwa, baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe na watu wanadhani breki zimekufa. Hazijafa, ni ule msaada unaotoka kwenye injini ndio umeisha, we kaza mguu wote, usipampu, kisha vuta hendibreki. Kama ni ya kitufe, kivute na ukishikilie.

Kinachonifurahisha kwenye habari hii yote (kama kufurahisha ndiyo neno) ni gari inayotulia vizuri, dereva anaondoka, halafu baada ya nusu saa inaondoka yenyewe. Sio jini. Ukishuka mlima mrefu kwa kukanyaga breki, zile diski za chuma zinazobanwa na breki zinachemka na kutanuka, unavuta hendibreki inashika, zikipoa zinasinyaa kaunywele tu na ule mbano unalegea. Sio gari zote, nyingine zenye hendibreki ya umeme hujikaza tena zenyewe. Ndio maana madereva wazoefu huacha na gia ndani, namba moja au rivasi, na kwenye otomatiki huvuta hendibreki kwanza, wakaachia mguu wa breki ili uzito ukae kwenye hendibreki, ndipo waweke P (ile ya kuegesha), kwa sababu ile P ni kijino cha chuma kidogo tu kilichoingia kwenye gurudumu la meno ndani ya giaboksi. Na ukipaki kwenye mteremko kichwa kikiangalia chini, kata tairi za mbele kuelekea ukingo wa barabara, ili ikiamua kuondoka isifike mbali.