Tone la damu kwenye kadi

Mkono wa mtu aliyejidunga unga, yaani heroini, kwa miaka hautoi damu ya kupima kirahisi. Unafunga mpira, unapapasa mkunjo wa kiwiko, unageuza kiganja, mshipa hauonekani. Wengi wamechomwa mara tano au sita na kusemwa vibaya juu yake, wakaapa hawarudi tena.

Ndiyo maana nikienda kupima watu maskani, vijiwe wanakojidungia, hapa Malindi, naomba kidole tu. Tone la kwanza nalifuta kwa pamba. La pili naliacha lidondoke kwenye duara la kadi ya karatasi nzito, lijae mpaka upande wa pili. Kadi hukaa kivulini kwa muda wa saa nne hivi, kisha naifunga pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Masika lazima uwe na subira, maana kadi ikifungwa mbichi inaota ukungu.

Tone hilo hilo hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na aina ya C. Hii C ndiyo inayotuchanganya. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nazo husema tu kwamba virusi viliwahi kuingia. Takriban watu 30 kati ya 100 virusi huwatoka vyenyewe ndani ya miezi 6, lakini kingamwili hubaki. Hata aliyemeza vidonge vya wiki 12 akapona, na zaidi ya 95 kati ya 100 hupona, kipimo hicho kitaendelea kumwonyesha ameambukizwa. Kwa hiyo lazima tutafute kirusi chenyewe, na turudie, kwa sababu aliyepona anaweza kuambukizwa upya.

Kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, ya hospitali ya Malindi, iliyofunguliwa mwaka 2015, imetusaidia sana: watu huja kila siku kunywa dawa, unaweza kuwafuatilia. Ila ukihesabu hao peke yao, walioko maskani wamekupita.

Huko maskani kijana mmoja, nilipompa majibu yake, alinitazama kwa uchungu: “Dada, mimi sijawahi kuazima bomba la sindano la mtu. Hilo C nimelitoa wapi?” Nikamuuliza wanapikaje huo unga kabla ya kujidunga. Kijiko kimoja, akasema, maji ya kikombe kimoja, na pamba ya kuchujia ile ile. Akanyamaza. Virusi vya C huweza kubaki hai kwa wiki kadhaa kwenye mabaki ya damu ndani ya bomba, na bomba likichovywa kikombeni, kikombe chote kimeingia virusi.

Fomu yangu ilikuwa inauliza sindano tu. Siku hiyo hiyo niliandika swali jingine chini yake kwa kalamu: kijiko kilikuwa cha nani, na maji je?