Kuondoa ruhusa kwenye hifadhidata si kufuta jina tu

Taarifa za wateja zinapovuja, lawama hurushiwa mdukuzi wa mbali. Kwenye ukaguzi, mara kwa mara tunakuta akaunti halali: ya karani aliyehamishwa idara, ya mkandarasi aliyemaliza kazi, au ile moja inayotumiwa na ofisi nzima. Kwa kuwa malalamiko yanaongezeka, tunawakumbusha wasimamizi wa mifumo ya sacco, zahanati na shule nchini Kenya wanaotumia PostgreSQL (programu ya kuendesha hifadhidata) yafuatayo. Tunachukulia kuwa seva imefungwa vizuri na nakala rudufu zipo.

Ruhusa hupewa wadhifa (role, yaani akaunti ya kundi la kazi), si mtu. Unda wadhifa usioweza kuingia, kisha mpe mtumishi uanachama wake:

CREATE ROLE karani_mikopo NOLOGIN;
GRANT USAGE ON SCHEMA mikopo TO karani_mikopo;
GRANT SELECT, INSERT ON mikopo.malipo TO karani_mikopo;
GRANT karani_mikopo TO mtumishi_07;

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. Bila USAGE (ruhusa ya kutumia) kwenye skima, yaani kundi la majedwali, ruhusa ya jedwali haina kazi. Mtumishi atakataliwa, na msimamizi aliyechoka atampa SUPERUSER, yaani mamlaka yote, ili simu zikome. Tafadhali msifanye hivyo. SUPERUSER haikaguliwi ruhusa yoyote, kwa hiyo yote mliyopanga hapo juu yanakuwa mapambo. Vilevile, kama namba ya muamala inatoka kwenye safu ya aina ya serial (inayojipa namba mfululizo), INSERT itakwama mpaka mtoe USAGE kwenye sequence yake, yaani kihesabu cha namba hizo.

GRANT SELECT ON ALL TABLES inagusa majedwali yaliyopo siku hiyo tu. Ya kesho yanahitaji ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE, ikitaja akaunti itakayoyaunda. Mkitaja akaunti nyingine, amri itapita kimya bila kosa, na jedwali jipya halitasomeka.

Sasa tuje kwenye kuondoa. Tunaambiwa kila mara, "Tulishamfungia." Kwa njia gani? VALID UNTIL inaweka ukomo wa nenosiri tu. Anayeingia kwa cheti cha kidijitali haimgusi, na aliye ndani tayari haimtoi. REVOKE (amri ya kuondoa ruhusa) juu ya jina lake haisaidii ikiwa ruhusa ileile anaipata kupitia wadhifa au kupitia PUBLIC, yaani kila mtu. Hata NOLOGIN haikati kikao kinachoendelea. Utaratibu ni huu, na mpangilio wake una maana:

Kwanza, ALTER ROLE mtumishi_07 NOLOGIN, asiingie upya. Pili, kata vikao vyake: SELECT pg_terminate_backend(pid) FROM pg_stat_activity WHERE usename = 'mtumishi_07'. Tatu, REVOKE karani_mikopo FROM mtumishi_07. Nne, hamisha mali yake (kama majedwali anayoyamiliki) kwa REASSIGN OWNED BY mtumishi_07 TO mmiliki_skima, halafu DROP OWNED BY mtumishi_07 ili kufuta ruhusa zilizobaki. Hatua hii ya nne hurudiwa ndani ya kila hifadhidata alimokuwa na mali au ruhusa. Mkitanguliza DROP OWNED, majedwali yake yanafutwa pamoja na data iliyomo. Mwisho kabisa, DROP ROLE mtumishi_07, inayofuta akaunti yenyewe. Ikikataa, soma ujumbe wake: unataja kilichobaki.

Akaunti ya pamoja haina tiba kwa amri yoyote. Kumbukumbu zitaonyesha jina moja kwa watu wanane, na hakuna mkaguzi atakayewatenganisha.

Kisheria, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mdhibiti wa data (taasisi inayoamua data itumikeje) amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba mtu asiyeidhinishwa amefikia data binafsi na kuna hatari halisi ya madhara kwa mhusika. Mchakataji anayewafanyia kazi anapaswa kumjulisha mdhibiti bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5; kwa kampuni, ukomo ni kiasi hicho au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kudai kwamba "mfumo uliletwa na mkandarasi" hakuuondoi wajibu wa mdhibiti.

Kila baada ya miezi 3, fungueni psql (dirisha la amri la PostgreSQL), andikeni \du kuona nyadhifa na \dp kuona ruhusa za majedwali, kisha mlinganishe majina na orodha ya mishahara ya mwezi huo. Jina lisilo na mshahara lianze hatua ya kwanza siku hiyohiyo.