Kilomita Chache Si Kipimo cha Gari Zima

Karibu kila mteja anayeniletea jedwali lake la alama (la kulinganisha magari kwa vigezo, kila kigezo na uzito wake, yaani umuhimu wake) hapa Dar es Salaam, akitaka nimsaidie kuchagua gari lililotumika, huwa ameipa kilomita nusu ya uzito wote, kwa imani kwamba gari lililotembea kidogo ndilo zima. Dhana hiyo nimechoka kuisikia, kwa maana mita ya kilomita hurudishwa nyuma, na hata ikisema kweli haielezi kama oili ilibadilishwa kwa wakati. Kabla ya kuamini kilomita 60,000, tazama raba ya pedali ya breki: ikiwa imelika na usukani umesuguliwa hadi unang'aa, mita hiyo isiaminiwe.

Mimi huzigawa alama 100 za uzito hivi: injini na giaboksi 30, bodi na chesi 25, kumbukumbu za matengenezo 20, kilomita 15 na umri 10. Tuchukue Toyota IST mbili. Ya kilomita 60,000, isiyo na karatasi ya matengenezo, inapata 5, 6, 2, 9 na 7 kati ya 10 kwa mfuatano huo. Ya kilomita 130,000, iliyotunzwa, inapata 8, 8, 8, 4 na 5. Ukizidisha kila alama kwa uzito wake, ukajumlisha na kugawa kwa 10, ya kwanza ina 54.5 na ya pili 71. Bei isiingizwe ndani ya jedwali, kwa sababu urahisi wa bei huficha ubovu. Igawanywe kwa jumla ya alama. Kwa shilingi milioni 14 na milioni 13, alama moja ya gari la kwanza inagharimu takriban 257,000, na ya pili 183,000.

Si kweli pia kwamba namba E (herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha namba) ni gari jipya kuliko namba D. Herufi hiyo hufuata wakati wa usajili nchini. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi ya usajili.

Wengine hudhani jumla kubwa hufuta kila kasoro. Gari lenye chesi iliyopinda, au namba ya chesi isiyolingana na ya kadi, halipewi alama ndogo, bali huondolewa kabla ya hesabu kuanza. Nao uzito upangwe nyumbani, kabla ya kwenda kuliona gari lolote, kwa kuwa aliyekwisha kuipenda rangi huipunguzia injini uzito mpaka gari analolitaka lishinde.